Tundu katika Ghala la Milembe

Dutwa,
3 Juni 1957

Kornelia,

Kwa miaka sita nimeficha jambo moja: nilijua wale watu waliotembea kichwa chini juu ya pamba ya mama yako walitoka wapi. Nilijua tangu siku ya kwanza. Hawakuwa watu walioibwa, wala vivuli vilivyofungwa. Ilikuwa nuru tu. Nilifundishwa habari zake nikiwa kijana chuoni, nikaieleza kwenye mtihani, nikapewa alama nzuri. Halafu siku ilipohitajika nikanyamaza.

Desturi ya barua inataka niseme mimi ni mzima, hofu ni kwenu. Si mzima. Miguu imevimba na chakula hakikai. Bwana mganga wa zahanati alinipima wiki iliyopita, kisha akamwita dada yangu Dorkasi nje ya mlango. Mtu akishaitwa nje ya mlango, aliyebaki kitandani hana haja ya kuuliza.

Mwaka ule wa 1951 wewe ulikuwa bweni kwa masista, hukuona. Ilikuwa Julai, ghala la mama yako limejaa pamba hadi kifuani. Asubuhi moja Ernestina na mwenzake walikuja kumsaidia kubeba. Upepo ukapiga vumbi, wakaingia ghalani wakafunga mlango. Gizani wakaona njia ya kisimani juu ya lundo la pamba, ardhi ikiwa juu na mbingu chini. Wakamwona Nyamizi, mke wa Jilala, anapita na mtungi, miguu juu, mtungi chini, kanga yake nyekundu vilevile, bila sauti hata kidogo. Walitoka mbio wakiacha vikapu.

Siku ya tisa Nyamizi alifariki akijifungua. Jilala ndiye mwanangwa wetu, kiongozi wa kijiji. Alipotoka kuzika, baraza likakaa mbele ya ghala lenu, na kabla jua halijazama mama yako alikuwa ameitwa mchawi, amenyimwa moto. Mimi nililetewa kiti kwa sababu ni mwalimu. Nilikaa juu ya kiti kile na sikufungua mdomo.

Kama karatasi hii inaweza kumsaidia mama yako kurudi nyumbani, mwonyeshe umtakaye.

Constantine Nkinda

*

Mwandoya,
15 Juni 1957

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo kwa kuwa mama amesimama nyuma yangu na ameuliza kama nimeiandika.

Barua yako nilimsomea mara mbili. Alikuwa anabangua karanga, mikono haikusimama. Mara ya pili akasema, "Bado hajamaliza." Kisha akauliza kama unakula.

Wewe umeandika "amenyimwa moto" kwa maneno mawili, ukaendelea. Ngoja nikuandikie mimi. Hakuna aliyempa kaa la moto. Hakuna aliyemwuzia kiberiti. Akisalimia "mwangaluka" asubuhi, watu walikuwa wanatazama mbuzi. Alipokwenda kisimani wenzake walimwaga maji waliyokwisha kuchota. Alilitunza gogo moja liwake siku kumi na moja, akiamka kulipulizia kama mtu anayelea mtoto mchanga. Siku ya kumi na mbili alikuta majivu. Alikula karanga mbichi siku mbili, halafu akafunga mzigo akaja huku kwa mjomba. Kaburi la baba liko kwenu. Kila mavuno ananiuliza nani analipalilia, kama vile mimi najua.

Na walisema neno jingine, mwalimu, ambalo hukuliandika. Walisema aliziba tundu la ukutani kwa udongo mbichi wakati wenzake wanazika, na kwamba asiye na hatia hana haja ya kuziba tundu. Neno hilo limetufuata mpaka Mwandoya. Wameniposa watu wawili, wote wawili wakaenda Dutwa kuuliza habari za ukoo, hawakurudi.

Mwezi wa nne mjomba alikwenda kwa Jilala kumwombea mama arudi. Jilala hakumfukuza. Alisema, "Msiniambie haikuwa kitu. Mke wangu alitembea kichwa chini katika pamba ile, kisha akafa. Anionyeshe mtu ilikuwa nini, na nikiridhika nitampelekea Milembe moto kwa mkono wangu."

Kwa hiyo karatasi yako haitoshi. Watasema ugonjwa wa mwalimu umepanda kichwani. Nifundishe kukitengeneza kitu hicho kwa mikono yangu, ili Jilala akione kwa macho yake. Kama ni nuru, basi na ifanye tena.

Kornelia Maganga

*

Dutwa,
24 Juni 1957

Kornelia, ng'wanawane, mwanangu,

Umeniomba somo. Kwa siku mbili hizi nimekuwa mwalimu tena, na sikustahili furaha niliyoipata.

Shika kwanza jambo hili: nuru huenda moja kwa moja, haipindi kona. Fikiria lango jembamba la zizi. Ng'ombe anayelijia kutoka kulia, akipita bila kugeuka, atajikuta upande wa kushoto ndani. Wa kushoto atajikuta kulia. Ndivyo ilivyo kwa tundu dogo. Nuru inayotoka kwenye kichwa cha mtu hushuka mpaka kwenye tundu, hupita, huendelea kushuka, na hufika chini ukutani. Inayotoka miguuni hupanda, nayo hufika juu. Zimepishana langoni. Kwa hiyo mtu anaonekana kichwa chini, na kulia kwake kumekuwa kushoto. Hakuna aliyemgeuza.

Sasa kazi. Chagua chumba chenye dirisha moja linalotazama njia. Kama dirisha linatazama magharibi, fanya asubuhi, jua likiwa nyuma ya nyumba na kumulika kile kilicho mbele yako. Jua likiingia lenyewe tunduni umeharibu. Ziba dirisha kwa mbao na blanketi. Ziba chini ya mlango kwa matambara, na pale ukuta unapokutana na nyasi za paa jaza majani. Mwanga wa pembeni ndio adui wako. Kisha kata kipande cha bati la debe, bati jembamba, utoboe katikati tundu moja safi, upana wa punje ya mtama. Sugua kingo kwa jiwe. Bati hilo liweke kwenye nafasi utakayoacha dirishani. Ndani, hatua mbili kutoka tunduni, tundika shuka jeupe.

Halafu ungoje. Hapa ndipo wengi hushindwa. Macho yaliyotoka juani hayaoni kitu. Kaa muda wa kusali fungu moja la rozari kabla ya kusema kwamba hakuna kitu. Tundu likiwa kubwa, nuru za kila upande zitachanganyika na utapata weupe mtupu. Likiwa dogo sana, picha itakuwa kali lakini mwanga wake hafifu.

Ukitaka ndogo ya kushika mkononi, chukua boksi la sabuni, toboa upande mmoja kwa sindano, upande wa pili kata dirisha ubandike karatasi iliyopakwa mafuta. Jifunike kanga kichwani, uelekeze tundu kwenye kitu kinachomulikwa na jua, utazame karatasi.

Na jambo moja la kusahihisha. Niliandika kwamba sikufungua mdomo barazani. Niliufungua. Jilala aliniuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu. Kuna kitu kama hiki vitabuni?" Nikajibu, "Sijui." Nilijua. Niliona haya kukuandikia mara ya kwanza.

Ninakunywa uji. Mwambie mama yako hivyo.

Constantine Nkinda

*

Mwandoya,
10 Julai 1957

Mwalimu,

Shikamoo.

Siku ya kwanza tulishindwa. Nilitoboa bati kwa msumari wa kenchi, nikamwingiza mjomba chumbani, nikafunga. Akakaa. Baada ya muda nikasikia, "Kornelia, naona giza. Giza nilikuwa nalo usiku kucha, bila wewe kunipigilia mbao dirishani." Ukutani palikuwa na doa jeupe tu.

Nikataka kujua kama bati lina lazima. Nikatoboa ukuta wa udongo wa banda la mbuzi kwa ncha ya mti, unene wake kama mkono wangu kutoka kiganja hadi kiwiko. Nikapata ukungu, hauna umbo. Nikarudi kwenye bati, safari hii punje ya mtama kweli, nikasugua kingo kama ulivyosema.

Mwalimu, ng'ombe wa mjomba walipita juu ya shuka la mama, miguu hewani, na mikia ikipunga. Mkia ulikuwa unapunga! Mti wa mlangoni ulining'inia na majani yalikuwa yanatikisika. Kisha akatokea jirani yetu Kasmiri, ambaye tangu kupalilia pamba amewaambia watu wote mguu wake umekufa ganzi. Alikuwa anamkimbiza beberu. Mjomba akapiga kelele mpaka Kasmiri akasimama njiani kutafuta anaitwa kutoka wapi: "We Kasmiri! Mguu umepona! Umeponea angani!" Tumecheka, na baadaye nilikasirika na nafsi yangu kwa kucheka.

Halafu nikamwingiza mama.

Nilikuwa nimejiandaa kumshika. Hakushtuka. Alikaa chini, akatazama muda mrefu, akanyoosha mkono akagusa shuka pale alipokuwa anapita ndama. Akasema, "Yake ilikuwa nzuri zaidi. Pamba ni nyeupe kuliko shuka."

Nikamwuliza, "Ya nani, mayu?"

Akasema, "Mwambie mwalimu bado hajamaliza."

Ninakuuliza sasa kama mwanafunzi. Ukuta wa ghala letu ni mnene, baba aliujenga yeye mwenyewe. Tundu la panya halinyooki. Mimi kwa mti nimepata ukungu. Picha aliyoiona Ernestina, mpaka rangi ya kanga, haiwezi kufanyika bila bati jembamba lenye tundu safi lililosuguliwa kingo. Nani aliweka bati kwenye ukuta wetu?

Kornelia

*

Dutwa,
19 Julai 1957

Kornelia,

Nimekufundisha vizuri kuliko nilivyotaka.

Bati lilikuwa langu. Mkaguzi wa shule alitarajiwa mwezi ule, na nilitaka akute somo ambalo hakuna shule ya porini iliyowahi kumwonyesha. Darasa letu lina madirisha manne bila mbao, haliwezi kuwa na giza. Ghala la mama yako halikuwa na dirisha hata moja, na ukuta wake wa magharibi unatazama njia ya kisimani, ambako watu hawakosekani asubuhi. Nilimwomba ruhusa. Akasema, "Toboa, mwalimu, lakini panya wakiingia utawafundisha wewe." Nilichimba ukuta, upande wa ndani mpana kama sahani, upande wa nje mdogo, nikabandika bati pale kwa udongo.

Yeye ndiye wa kwanza niliyemwonyesha. Alimwona mbuzi wake mwenyewe anakula angani, akacheka hadi akajifuta machozi. Aliniuliza mbona hawaanguki. Katika miaka ishirini na sita ya kufundisha, hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyoulizwa.

Mkaguzi akaahirisha. Bati nikaliacha. Ernestina alipoona na habari zikazagaa, Nyamizi alikuwa bado mzima, akichota maji kila siku. Wiki nzima nilikuwa na nafasi ya kuwaita watu, kuwaingiza wanne wanne na kuwaonyesha, na jambo lingeisha kwa kicheko kama cha Kasmiri wenu. Sikufanya hivyo. Nilitaka somo libaki jipya kwa mkaguzi. Unaona ni kitu gani kidogo kilichonishikilia.

Kisha Nyamizi akafa. Tangu hapo mwenye bati angekuwa yule aliyemning'iniza mke wa mwanangwa kwa miguu. Nilijiambia kwamba nikisema, wazazi wataondoa watoto shuleni. Nilijiambia nailinda shule. Nilikuwa najilinda mimi.

Mama yako angeweza kunitaja, na hakunitaja. Miaka yote hii nimejidanganya kwamba hofu ilimsahaulisha.

Sasa nimemaliza. Dorkasi amenishikia karatasi.

Constantine Nkinda

*

Mwandoya,
27 Julai 1957

Mwalimu,

Niliposoma barua yako ilinibidi nitoke nje, nikaimalizia kumsomea mama siku ya pili.

Mama amesema, "Bado. Mwulize siku ya mazishi ya Nyamizi alikuwa wapi."

Nilimsihi aniambie yeye. Nilimwambia, mayu, mtu huyu anakufa, nasi tunapelekeana barua kama wachumba. Akanijibu hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Nilingoja aseme pale barazani. Nikangoja siku kumi na moja nikipuliza gogo. Akisema yeye, limesemwa. Nikisema mimi ni neno langu, na neno langu walilikataa."

Tunakuja Dutwa Jumapili, tarehe nne Agosti. Mjomba amepeleka habari na Jilala amekubali kuingia ghalani asubuhi, watu wakitoka kusali. Ghala bado limesimama, ni paa tu limelala upande mmoja, tutaliziba. Nina bati, nina shuka, na tundu jipya nitalichimba kando ya lile lililozibwa. Nimeambiwa huwezi kutembea. Basi andika. Athanasi wa basi atapita kwako Jumamosi kuichukua barua, na nitaisoma kwa sauti mbele ya wote, kama ilivyo, bila kupunguza neno. Kama ni ileile ya Julai nitaisoma hiyo, na mama ataketi asikilize uongo kwa mara ya pili mahali palepale.

Anauliza kama bado unakunywa uji.

Kornelia

*

Dutwa,
3 Agosti 1957

Kwa Milembe, na kwa wote waliosimama mbele ya ghala lake,

Kornelia, soma polepole, na usiruke.

Jilala, kama umekwisha kuingia ndani, umeona. Kile ulichokiona leo juu ya shuka ndicho Ernestina alichokiona juu ya pamba. Watu waliopita njiani asubuhi hii wamepita kichwa chini mbele ya macho yako, na jioni watakula ugali kwao. Nyamizi alikufa kwa uzazi. Hakuna mkono wa mtu uliomgusa. Bati lilikuwa langu na nililiweka kwa ruhusa ya mwenye ghala, kwa ajili ya watoto wa shule. Hayo nimekwisha kumwandikia Kornelia, naye atawasomea.

Lakini picha siyo iliyomfukuza Milembe. Mlifika ghalani mkitoka makaburini, mkiwa na shaka tu. Wengine mlikuwa mnasema wanawake wawili gizani wanaweza kuona chochote. Ninakumbuka, Jilala, wewe mwenyewe ulisema hivyo njiani. Mlichokikuta ukutani ndicho kilichokata shauri: kiraka cha udongo mbichi, ukubwa wa kiganja. Ulikibonyeza kwa kidole gumba, kikazama. Ukasema, "Ameziba wakati tunazika." Baada ya hapo hakuna aliyesema tena habari za giza. Alama ya kidole chako bado iko ukutani, upande wa nje, usawa wa kifua. Nimekuwa nikiipita kwenda kisimani kwa miaka sita. Nenda ukaitazame.

Ukamwuliza Milembe, "Nani kaziba hapa?"

Milembe, uliinua macho ukanitazama. Si kwa kitambo kidogo. Watu walidhani unatafuta la kusema. Ulikuwa unanipa nafasi. Kisha ukasema, "Sijui."

Neno hilo lilikuwa lako. Nilipomwandikia Kornelia kwamba nami barazani nilijibu "Sijui", nililiiba kwako, kwa sababu linasikika kama neno la mtu mwoga, na mwoga anaweza kuhurumiwa. Mimi sikusema hivyo. Mpo mliokuwapo, mnakumbuka. Jilala alipouliza kama vitabuni kuna kitu kama hiki, nilisimama kutoka kwenye kile kiti nikasema kwa sauti ya darasani, ili na wa nyuma wasikie: "Hakuna. Mtu akitaka kujua habari za kitu hiki asiulize vitabu, amwulize mwenye ghala."

Na siku ile ya mazishi, Milembe, umeuliza nilikuwa wapi. Unajua, kwa kuwa ulirudi nyumbani kuchukua kanga ya kujifunika ukaniona nikitoka nyuma ya ghala, tukasalimiana. Niliwaambia watu nakwenda kufunga shule. Nilikwenda kwenye ghala lako nikiwa na kisu, nikalibandua bati, baadaye nikalitupa kwenye shimo la choo cha shule. Nilidhani tundu lisipokuwapo na neno litakuwa halipo. Nilichota maji kwenye mtungi wako uliokuwa mlangoni, nikakanda udongo, nikaliziba tundu mimi mwenyewe kwa mikono yangu, na niliposimama mbele ya watu nikasema "Hakuna," mikono nilikuwa nimeitia mifukoni mwa koti, kwa sababu udongo ule ulikuwa bado haujakauka chini ya kucha zangu.

Constantine Nkinda